Kilimia na Nyota za Meru na Embu



Nimeombwa niseme nanyi juu ya nyota. Nilipoombwa nilifurahi, kisha nikaona haya kidogo, kwa kuwa najua ya kwamba katika watu walioketi hapa wamo wazee waliozitazama nyota hizi kabla mimi sijazaliwa, tena walizitazama kwa haja wala si kwa mchezo. Mtu alindaye mtama usiku usiliwe na nguruwe anazo saa nyingi za kutazama juu. Basi sikuja kuwafundisha wazee kuona. Nimekuja kueleza mambo machache ambayo macho peke yake hayawezi kuyafikia, na kujibu swali moja linaloulizwa mashambani kila mwaka: Kilimia kikifika mahali pake, tupande au tungoje?

Swali hilo nalijua sana. Mwaka wa 1984 nilikuwa kijana nyumbani kwetu katika nchi ya Mbeere, huko chini ya Embu. Mjomba wangu alikuwa mkulima hodari, na kanuni yake ilikuwa hii: giza likiingia, na Kilimia kikiwa kimesimama upande wa magharibi mahali ambapo jua husimama saa tisa alasiri, basi mbegu ziwe zimekwisha kuingia udongoni. Mwezi wa Machi mwaka ule Kilimia kilisimama pale pale bila kukosea hata kidogo. Mjomba akapanda mbegu zake zote katika udongo mkavu, mahindi, kunde na mtama, asibakize hata kibaba. Mawingu yakaja, yakapita. Kwale na panya wakafukua nusu ya mbegu. Nusu nyingine ikaota kwa manyunyu ya siku mbili, kisha miche ikakauka ikiwa na urefu wa kidole. Walio na umri kama wangu wanakumbuka yaliyofuata, na wanayakumbuka mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, ambayo tuliyala kwa sababu hapakuwa na mengine. Mjomba hakumkasirikia jirani wala serikali. Alikikasirikia Kilimia. Alisema kimemdanganya.

Leo nataka kukitetea Kilimia, maana hakikusema neno lolote la uwongo. Kilisema, “Sasa ni katikati ya mwezi wa Machi,” na kweli ilikuwa katikati ya Machi. Neno la mvua aliliongeza mjomba mwenyewe.

Kwanza tujue Kilimia ni kitu gani. Ni kile kishada cha nyota ndogo zilizobanana, ambazo mtu mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Waswahili wa pwani hukiita Kilimia, Wakikuyu hukiita Kirimira, na mbali sana kusini mwa Afrika, Wazulu na Waxhosa hukiita isilimela. Mwaona wenyewe kwamba jina ni moja, na ndani yake mna neno la kulima. Watu waliotengana kwa mwendo wa maelfu ya kilomita hawawezi kuwa walipatana juu ya jina hilo juzi. Yaelekea waliondoka nalo huko walikotoka wote pamoja, zamani sana, jembe begani.

Mtu akitazama Kilimia kwa darubini, hata ile ndogo ya macho mawili, huona nyota nyingi zaidi ya saba, na wataalamu wamehesabu zaidi ya elfu moja. Kila moja ya hizo ni jua, kama hili jua letu. Jua letu nalo ni nyota tu, ila liko karibu. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, na nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika nane hivi. Nuru ya Kilimia husafiri miaka ipatayo 440. Yaani nuru mtakayoiona usiku wa leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, mwaka wa 1593. Sasa nawauliza: kitu kilicho mbali namna hiyo, ambacho hata habari zake hutufikia zikiwa zimezeeka miaka mia nne, kinawezaje kusukuma wingu mpaka juu ya shamba la mtu pale Siakago?

Hakiwezi. Lakini mzee ataniambia, na atakuwa na haki, “Mbona basi kinakwenda pamoja na majira mwaka baada ya mwaka?” Hilo ndilo jambo la kufikiriwa.

Fikirini mtu anayezunguka moto mkubwa nje wakati wa usiku, na mbali kabisa pana vilima pande zote. Akiuelekea moto, mwanga humtia kiwi asivione vilima vilivyo nyuma ya moto. Akiupa moto mgongo, huviona vizuri vilima vya upande wake. Kadiri anavyozunguka, vilima anavyoviona hubadilika, mpaka arudi mahali alipoanzia na kuviona vile vya kwanza. Mtu huyo ni dunia yetu, moto ni jua, na vilima ni nyota. Dunia hulizunguka jua mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo nyota tuzionazo usiku hubadilika kidogo kidogo. Kila nyota huchomoza mapema kuliko jana kwa dakika nne. Dakika nne si kitu, lakini kwa mwezi mmoja zimekuwa saa mbili, na kwa miezi kumi na miwili zimekuwa saa ishirini na nne, na hesabu imeanza upya.

Ndiyo sababu Kilimia hupotea machoni petu kuanzia mapema mwezi wa Mei, kwa muda wa wiki tano au sita hivi. Hakikufa wala hakikujificha. Kiko nyuma ya moto. Katika mwezi wa Juni huzuka tena mashariki wakati wa alfajiri kabla ya jua, ingawa kwetu sisi wa miteremko ya mlima ni taabu kukiona wakati huo, kwa ajili ya baridi na ukungu. Katikati ya Oktoba huchomoza yapata saa tatu kasoro robo usiku. Ukifika mwisho wa Novemba, giza linapoingia kimekwisha kupanda mashariki, na kitakaa juu usiku kucha. Kisha kila jioni huanza kusogea kuelekea magharibi. Mwezi wa Machi ndipo kinapofika pale alipopapenda mjomba wangu, na mwisho wa Aprili kiko chini karibu na ukingo wa nchi. Watu wa pwani wana msemo wao, kwamba Kilimia kikizama wakati wa mvua huzuka wakati wa jua, na kikizama wakati wa jua huzuka wakati wa mvua. Kwa huku kwetu sehemu ya kwanza yatosha: huzama katika masika, na huzuka masika yakiwa yamekwisha.

Mtu aweza kuuliza kwa nini wazee hawakutosheka na mwezi, ambao ni mkubwa na kila mtu auona. Sababu ni hesabu. Miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354, na mwaka wa jua ni siku 365 na robo. Zinapungua siku kumi na moja. Ahesabuye kwa mwezi peke yake, baada ya miaka mitatu amepotea kwa mwezi mzima na zaidi, na akiendelea atajikuta anapanda wakati wa kuvuna. Ndiyo maana Ramadhani hupita katika majira yote, leo katika joto, baada ya miaka katika baridi. Wakulima na mabaharia wa Kiswahili waliliona jambo hili, wakawa na hesabu nyingine ya siku 365 ianzayo siku ya Mwaka, ambayo hata sasa husherehekewa kwa shangwe kule Makunduchi, Unguja. Kilimia kilifanya kazi iyo hiyo bila ya kitabu. Ni kweli kwamba nacho husogea katika majira, lakini ni siku moja tu kwa miaka sabini na kitu. Saa ya mkononi iliyo bora kuliko hiyo sijaiona.

Tena Kilimia ni mshale mmoja tu wa saa hiyo. Mishale mingine iko mingi, na hapa nataka kusema juu ya bahati ya mahali petu, ambayo wengi wetu hatuijui.

Mstari wa Ikweta hupita katika nchi hii. Mtu atokaye mji wa Meru kwenda Embu huuvuka kabla ya kufika Nkubu. Sasa, mtu akaaye London hauoni kabisa Msalaba wa Kusini, hata akae macho mwaka mzima, na wa Cape Town haioni kamwe Nyota ya Kaskazini. Kila mmoja wao amezibiwa sehemu ya mbingu na mgongo wa dunia. Lakini sisi tulio juu ya Ikweta, au karibu nayo kama watu wa Embu, hatukuzibiwa kitu, ila kijisehemu kidogo sana kilicho kwenye ukingo. Mwaka ukizunguka, nyota zote za mbinguni zimepita mbele yetu. Tena hapa kila nyota hukaa juu saa kumi na mbili na chini saa kumi na mbili, kama jua lenyewe, wakati kule Ulaya ziko nyota zisizotua kamwe. Mtu wa London akitaka kuziona nyota zote hulipa nauli. Wewe wafungua mlango.

Anza na Jabari. Waarabu ndio waliompa jina hilo, maana yake mtu mwenye nguvu nyingi. Mtamtambua kwa mshipi wake, nyota tatu zilizopangwa mstari mmoja. Ya kaskazini katika hizo tatu huitwa Mintaka, neno la Kiarabu lenye maana ya mshipi, nayo iko karibu kabisa juu ya Ikweta. Kwa hiyo huchomoza mashariki halisi, hupita juu ya utosi wa mtu wa Meru, na kutua magharibi halisi. Mwanzo wa Februari, saa tatu na nusu usiku, inueni vichwa mpaka kofia zianguke, mtaiona. Mtu aliyepotea njia akiuona mshipi huo unachomoza au unatua, hana haja ya dira. Na mtazame rangi za nyota zilizouzunguka. Upande mmoja iko nyota kubwa nyekundu, Betelgeuse. Upande wa pili iko Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Mhunzi hahitaji kuelezwa: chuma chekundu kina moto, lakini cheupe kina moto zaidi. Na nyota ni hivyo hivyo. Rigel ni kali kuliko Betelgeuse mara tatu na zaidi.

Kisha mngoje mpaka katikati ya Mei. Usiku usio na mawingu, saa tatu na nusu hivi, simameni mahali pa wazi mkielekea mashariki. Mkono wenu wa kulia, upande wa kusini, Msalaba wa Kusini umesimama wima. Mkono wa kushoto, upande wa kaskazini, ziko nyota saba ambazo Waingereza huziita plau, na Wamarekani huziita upawa. Mtu wa Embu huziona zikipita juu ya Mlima Kenya, na usiku ukiendelea zikishuka upande wa kushoto wa mlima. Makundi hayo mawili husimama kwa wakati mmoja, na kwa kimo karibu sawa, kama vikapu viwili vya mzani, nasi tumesimama katikati. Nchi nyingi duniani haziwezi kuona mzani huo. Mstari mrefu wa Msalaba, ukiushusha chini mpaka ukingo wa nchi, utakuonyesha kusini. Na zile nyota mbili kali zinazoufuata Msalaba zisikupite bure: iliyo mbali zaidi na Msalaba ndiyo jirani yetu wa karibu kuliko nyota zote zinazoonekana kwa macho. Hata hivyo nuru yake husafiri miaka minne na kitu.

Nyota ya asubuhi na nyota ya jioni nitaziacha upesi. Ni kitu kimoja, nacho ni Zuhura, wala si nyota. Ni dunia nyingine ilizungukayo jua kama hii yetu. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali hutangatanga kati ya nyota, kwa hiyo mtu asihesabu majira kwazo.

Ikweta hii imewafaa hata wataalamu. Dunia inapojizungusha, sisi wa hapa huchukuliwa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa, na chombo kinachorushwa mbinguni kutoka karibu na Ikweta hupata msaada wa mwendo huo. Ndiyo sababu moja iliyowaleta Waitaliano kujenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba, 1970, kilirushwa hapo chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota zinazotoa miale ya eksirei, chombo cha kwanza cha namna hiyo, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, kikaitwa Uhuru. Kiligundua vitu zaidi ya mia tatu vinavyotoa miale hiyo. Katika vitabu vya wataalamu wa nyota ulimwenguni kote neno hilo la Kiswahili limo mpaka leo.

Sasa nirudi kwa mjomba na mbegu zake.

Jua hupita juu ya vichwa vyetu mara mbili kwa mwaka, yapata tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Nchi hupata joto, hewa hupanda, pepo za kaskazini na za kusini hukutana, na mvua huufuata mkutano huo kwa wiki kadhaa nyuma. Hayo ndiyo masika ya Machi mpaka Mei, na vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Basi Kilimia na mvua wote wawili humfuata bwana mmoja, yaani safari ya dunia kulizunguka jua, na ndiyo sababu huonekana kama wameagana. Lakini jogoo hawiki ndipo kukuche; kutakucha hata asipowika. Tena mvua ina bwana wa pili, asiyejulikana kwa Kilimia kabisa, naye ni bahari.

Maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto kupita kiasi upande wetu wa Afrika, na yakawa ya baridi upande wa Indonesia, vuli yetu huja kwa wingi wa kutisha. Ilikuwa hivyo mwaka wa 1961, na 1997, na 2019, madaraja yakachukuliwa na maji. Joto likiwa upande wa Indonesia, vuli hupungua au hukosekana, kama mwaka wa 2010 na 2022. Tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022, misimu mitano ilifuatana ikikosa mvua ya kutosha katika sehemu nyingi kavu za Kenya. Kilimia kilichomoza katika kila mmoja wa misimu hiyo, saa yake na mahali pake. Hakikuwa na habari ya bahari.

Kwa hiyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Kwa kutengeneza shamba, mfuateni Kilimia. Kikichomoza saa tatu kasoro robo usiku, ni katikati ya Oktoba, na mtu wa Tharaka au wa Mbeere ambaye bado hajalima amechelewa. Tena upande huu wa mashariki ya mlima vuli hutegemewa kuliko masika, na kuikosa ni kukosa mwaka. Bali kwa habari ya mvua yenyewe, kama itakuwa nyingi au kidogo, sikilizeni Idara ya Hali ya Hewa, ambayo hutazama bahari na kutoa habari zake kabla ya kila msimu. Nayo hukosea, sitawaficha. Bahari ni kubwa na haikupewa ratiba. Kwa sababu hiyo mtu asiweke mbegu zake zote udongoni kwa neno la nyota, wala kwa neno la redio.

Mjomba alikopa mbegu kwa shemeji yake mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 1984. Alizigawa katika vibuyu viwili. Kibuyu kimoja alikipanda katika udongo mkavu, Kilimia kilipofika mahali pake pa Oktoba, kama alivyozoea. Cha pili alikitundika juu ya moto jikoni, akamkataza shangazi asikiguse hata wageni wakija, mpaka siku alipochimba kwa jembe na kukuta udongo umelowa kupita kiganja. Mvua ya vuli ile ilikuwa njema, na vibuyu vyote viwili viliota. Hata hivyo, miaka yote niliyomwona baada ya hapo, kibuyu cha pili kilikuwa kinaning'inia pale pale juu ya moto, kimekuwa cheusi kwa moshi, na jioni mzee alikuwa akitoka nje kukitazama Kilimia.